Uitikivu: Namba Iliyo Mgongoni mwa Spika

Mtu akienda kununua sabufa Kariakoo huuliza swali moja: "Bosi, hii ina wati ngapi?" Muuzaji hana haja ya kufikiri. Boksi limeandikwa 10,000 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni, na pembeni zimebanwa herufi nne ndogo, PMPO. Mnunuzi anaridhika, anafungiwa mzigo, anapanda daladala kurudi zake Keko.

Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania ina fyuzi ya ampea 13, na umeme wa nyumbani ni volti 230. Ukizidisha unapata kama wati 3,000, basi. Sabufa inayokula wati 10,000 kweli ingekata fyuzi kabla wimbo wa kwanza haujafika kiitikio. PMPO ni kilele cha kufikirika kinachodumu kipande kidogo mno cha sekunde, na kila kiwanda hukipima kijuavyo chenyewe.

Hata wati za kweli, zile za RMS, hazijibu alichotaka kujua yule mnunuzi. Alitaka kujua spika italia kwa nguvu kiasi gani. Wati ni kile kinachoingia kwenye spika. Kinachotoka kina namba yake, na hiyo ndiyo wanaofunga muziki wa kumbi, makanisa na majukwaa huitafuta kwanza. Waingereza huiita sensitivity. Kwa Kiswahili bado haijapata jina lililokaa, nami napendekeza tuiite uitikivu.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Ipe spika wati moja, weka maikrofoni ya kupimia mita moja mbele yake, soma desibeli. Spika ndogo ya sebuleni husoma kati ya 84 na 88. Spika ya kazi ya inchi 15 yenye honi husoma 96 hadi 100, nyingine huzidi hapo. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana ndogo, na ndiyo maana watu huipita wakikimbilia wati.

Kwanza jina. Anayetafsiri kwa haraka atachukua unyeti, na katika sayansi neno hilo lina kazi zake. Ila mtangazaji akitamka redioni "unyeti wa spika yako", nusu ya wasikilizaji watacheka, kwa sababu mtaani nyeti ni sehemu za mwili zisizotajwa hadharani, na ofisini ni taarifa za siri. Wepesi nao ungefaa kama spika zenye sifa hii zisingekuwa na sumaku za kilo kadhaa. Mwambie fundi unataka spika nyepesi uone atakuletea nini.

Usikivu umekaribia zaidi, lakini una wenyewe. Mbunge wa jimbo la mpakani akisimama kulalamikia usikivu wa TBC, anasema matangazo hayamfikii vizuri. Mwalimu akisifu usikivu wa darasa, anasifu watoto waliotulia. Kote huko yupo anayesikia, na spika haisikii. Inayosikia ni maikrofoni, nayo ina kipimo cha namna hii hii, kinachoeleza inatoa volti kiasi gani ikifikiwa na sauti ya nguvu fulani. Usikivu tuuache huko. Tukifanya hivyo tutakuwa tumepunguza na vurugu nyingine ya zamani, ya neno kipaza sauti. Mwenyekiti wa kikao akisema "mpeni kipaza sauti" anataka maikrofoni. Jirani akilalamikia kipaza sauti cha mnarani analalamikia spika. Maikrofoni ina usikivu, spika ina uitikivu, na hakuna tena wa kuchanganya vipimo hivyo viwili hata kama vyombo vyenyewe ameviita jina moja.

Mtu hupiga hodi, wa ndani akaitika. Nyumba moja unagonga mara moja unasikia "Karibu!" kutoka jikoni, nyingine unagonga mpaka vidole vinauma ndipo mtu anaguna. Wati ndiyo hodi, na uitikivu ni tabia ya wenye nyumba. Kisarufi neno linasimama bila kushikiliwa: sikia imetupa sikivu, vumilia imetupa vumilivu, nyamaza imetupa nyamavu, basi itika itupe itikivu. Kiambishi u- kinabaki kama kilivyobaki katika uimbaji. Faida nyingine ni kwamba mwitiko unabaki huru kwa kazi yake, yaani kueleza spika inavyobeba besi, sauti za kati na twita, kwa mchoro. Ufanisi nao ubaki kuwa asilimia ya umeme unaogeuka sauti.

Asilimia yenyewe inasikitisha. Spika yenye uitikivu wa desibeli 87 hugeuza sauti asilimia 0.3 hivi ya umeme inaopewa. Yenye 98 hufikia kama asilimia 4. Kinachobaki chote ni joto, na joto hilo linakaa kwenye koili, waya mwembamba wa shaba au alumini uliozungushwa kwenye mwanya wa sumaku, mahali pasipo na upepo wa maana. Fungua spika iliyoungua kwenye sherehe utaona vanishi ya koili imeyeyuka na kuwa nyeusi, na harufu yake haikosewi. Kabla hata ya kuifungua, weka vidole kwenye koni usukume taratibu: nzima huingia na kutoka kimya, iliyoungua hukwaruza. Kabla ya kufika huko koili huwa imeshatoa onyo. Ikipata joto ukinzani wake hupanda, umeme unaopita hupungua, sauti nayo hushuka. DJ akisikia muziki umelegea anapandisha, joto linazidi, na biashara inaishia kwa fundi.

Sasa zile desibeli chache. Kupandisha sauti kwa desibeli 3 kunadai wati mara mbili. Kupandisha kwa 10 kunadai mara kumi. Kumbi za sinema hupangwa ili kila spika kuu iweze kufikisha kilele cha desibeli 105 pale alipokaa mtazamaji, kwa ajili ya mlipuko au mlango uliobamizwa. Chukua mtu wa Keko anayetaka sinema ya namna hiyo sebuleni, kochi lake likiwa mita 3 kutoka kwenye spika. Umbali huo unakula desibeli 9.5, au pungufu kidogo kwa kuwa kuta za chumba hurudisha sauti. Spika yenye uitikivu wa 87 itamdai wati 560 na ushee ili kufika kwenye kilele, na spika za aina hiyo ni chache zinazostahimili mzigo huo. Spika yenye 98 itamdai 45. Amplifaya ya kawaida ya hom thieta inazo hizo 45 na chenji inabaki.

Ndiyo sababu wapo wapenda sinema, huku kwetu na ng'ambo, wanaochukua spika za kazi wakazisimamisha pembeni ya tivii. Mimi niko upande wao, kwa masharti. Honi huelekeza sauti kwa msikilizaji badala ya kuimwaga kwenye sakafu ya vigae na madirisha ya alumini, na sebule nyingi za Dar zimejaa vitu hivyo viwili. Maneno ya mwigizaji yanasikika hata mtu akiwa anapika chumba cha pili. Masharti ni haya: uitikivu haubagui, hivyo kamlio kadogo ka amplifaya ambako spika ya kawaida ingekameza, honi itakasema wazi ukikaa karibu usiku. Amplifaya nyingi za kazi zina feni yenye kelele. Na besi ya spika nyingi za inchi 15 huanza kulegea kwenye hezi 45 au 50, wakati mitetemo ya filamu inashuka hadi karibu na 20, kwa hiyo spika ya besi ya peke yake inabaki kuwa lazima. Hiyo ndiyo sabufa kwa maana yake ya asili. Mtaani jina hilo tumeipa redio nzima na spika zake ndogo mbili, na sidhani kama tutarudi nyuma.

Mbona basi viwanda havitengenezi spika zote ziwe na uitikivu mkubwa? Kikwazo ni boksi. Zamani amplifaya za vali za nyumbani zilitoa wati 10 au 20, na mtu alihitaji spika inayoitika upesi. Paul Klipsch alianzisha kampuni yake mwaka 1946 huko Hope, Arkansas, akiuza spika ya honi kubwa iliyolazimika kukaa kwenye kona ya chumba. Mwaka 1954 Mmarekani mwenzake, Edgar Villchur, akatoa AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa lakini lenye besi iliyoshuka kuliko makabati makubwa. Alilipa kwa uitikivu. J. Anton Hofmann, ambaye ndiye H katika jina la kampuni ya KLH, alilieleza jambo hilo kwa kanuni ambayo mafundi bado wanaitumia: boksi dogo, besi ya kina, uitikivu mkubwa, chukua mawili, la tatu sahau. Transista ziliposhusha bei ya wati, wenye spika za nyumbani wakachagua boksi dogo. Wenye spika za kazi wakashikilia uitikivu, wakakubali kubeba makabati.

Na makabati Keko yapo. Eneo hilo la Temeke linajulikana jiji zima kwa samani, vitanda na makochi vikipangwa hadi ukingoni mwa barabara, vumbi la randa likitua juu ya vanishi ambayo haijakauka. Seremala anayejua kabati la nguo ana mikono ya kutosha kutengeneza boksi la spika, mradi aache mazoea mawili. La kwanza ni mninga. Mbao nzima hupanuka na kunywea kadiri hewa inavyobadilika, mwishowe hupasuka kwenye maungio. Boksi hutaka plaiwudi ngumu ya milimita 18. La pili ni mianya. Kabati lenye uwazi wa milimita moja nyuma halimsumbui mtu, lakini boksi la hivyo hupuliza "fyuu" kila besi inapopiga na kupoteza kile ulicholipia. Boksi likishafungwa, washa muziki wenye besi, lowesha mkono kwa maji, upitishe polepole kwenye maungio. Panapovuja ngozi inapoa mara moja. Kwa spika ya inchi 15, nafasi ya ndani ya sentimita 50 kwa 50 kwa 40 inatoa lita 100, ambazo ni mwanzo mzuri, ingawa hesabu kamili, pamoja na urefu wa bomba la hewa, inatoka kwenye karatasi ya vipimo vya spika yenyewe. Hakuna seremala anayeweza kuibahatisha kwa macho.

Nje ya nyumba hesabu inakuwa kali zaidi. Kwenye kiwanja cha wazi hakuna kuta za kusaidia, na sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili. Kutoka mita 1 hadi mita 16 umepoteza 24. Spika ya 98 ikipewa wati 400 inatoa 124 pale mbele, na mtu aliye mita 16 anapata 100 kabla joto la koili halijachukua chake. Anayetaka kupata kiwango hicho kwa spika ya 87 atahitaji zaidi ya wati 5,000. Umeme ukikatika katikati ya kitchen party, jenereta ndogo ya kukodi itaibeba ile ya kwanza, ya pili haiiwezi. Na muziki wa singeli, ukipita mapigo 200 kwa dakika, hauipi koili muda wa kupoa.

Majirani nao wamo kwenye hesabu. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinapima desibeli. Ofisa wa mazingira akija na kipimo chake hatauliza wati za amplifaya yako, na baa zimeshafungiwa kwa kelele.

Namba ya uitikivu pia ina ujanja wake. Viwanda vingi hupima kwa volti 2.83 badala ya wati moja. Kwa spika ya omu 8 ni kitu kilekile, lakini spika ya omu 4 kwa volti hizo inakula wati mbili, kwa hiyo namba imepandishwa desibeli 3 bila jasho. Ukikuta 92 kwa volti 2.83 na omu 4, iandike 89. Namba nyingine, ile ya desibeli za juu kabisa, mara nyingi ni hesabu ya karatasi inayojumlisha uitikivu na wati kana kwamba koili haipati moto.

Wataalamu wa Kiswahili wa BAKITA na TATAKI wakilikubali neno uitikivu nitafurahi, na wakipata lililo bora nitalifuata hilo. Wewe ukienda dukani, geuza spika usome mgongoni: omu ngapi, wati za RMS ngapi, desibeli ngapi kwa wati moja na mita moja. Kama hiyo ya mwisho haikuandikwa na muuzaji anakurudishia wati tu, mshukuru, nenda duka linalofuata.