Hukumu Bila Hekima: Kesi ya Machakos ya 1932 na Adhabu ya Lazima

Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ndugu wa tumbo moja. Maneno haya yote yalitufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja. Baadaye Kiingereza kilituletea ‘jaji’, ndipo Wakenya tukagawa kazi: hakimu akabaki mahakama za chini, jaji akapanda Mahakama Kuu. Undugu wa maneno lakini haukuvunjika. Na swali linalowatoa jasho wanasheria wetu miaka hii laweza kuulizwa kwa maneno hayo hayo: anayetoa hukumu aachiwe nafasi ya kutumia hekima, au sheria imwamulie kabla hata hajaketi?

Machakos inalifahamu swali hili kwa uchungu.

Mwaka 1932, wanaume 70 Wakamba walishtakiwa kwa kumuua mwanamke aliyeitwa Mwaiki. Mke wa mmoja wao, Kumwaka, alikuwa mgonjwa, na Mwaiki akashukiwa kuwa ndiye aliyemroga. Walimpiga kwa fimbo hadi akafa. Walipofikishwa kortini hawakuficha kitu. Machoni pao, hayo hayakuwa mauaji ya kihuni. Ukambani kulikuwa na desturi ya king'ole, ambapo mtu aliyeonekana kuwa hatari kwa wote aliuawa na kundi kwa makubaliano. Tusiipambe desturi hiyo. Mwaiki hakuwa na wakili, na sauti yake haisikiki popote katika kesi iliyobeba jina la Kumwaka.

Mahakama ilishikilia kwamba kuamini uchawi peke yake si udhuru kwa aliyeua. Hapo naafikiana nayo. Tatizo lilikuwa hatua iliyofuata. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika nchini Agosti 1930 ilisema anayepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo, basi. Hapakuwa na njia ya kupima nani alipiga sana na nani alifuata mkumbo, nani mzee na nani kijana. Watu 60 wakahukumiwa kunyongwa kwa kosa moja. Hebu msomaji itafakari hesabu hiyo: sitini, kwa kifo cha mtu mmoja!

Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki haikuitengua hatia. Hata hivyo, hawakunyongwa. Gavana alibadilisha adhabu zao zikawa vifungo. Nami naona hapa ndipo penye funzo la kesi hii kwa wanaobishana leo. Sheria ilipomnyang'anya jaji huruma, huruma haikufa. Ilihama tu, ikaenda kukaa ofisini kwa mtawala, mahali ambapo mshtakiwa hasikilizwi hadharani wala hakuna anayelazimika kueleza sababu.

Uhuru ulipokuja, mtindo huo ulibaki vile vile. Kifungu cha 204 kiliendelea kumfunga jaji mikono, magereza yakajaa watu wanaosubiri kitanzi ambacho hakijatumika nchini tangu 1987, na kila baada ya muda rais akawa ndiye wa kuwaokoa. Mwaka 2009 Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya wafungwa 4,000 kwa mpigo. Mwaka 2016 Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa 2,747. Ilikuwa hadi Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, ambapo Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba.

Mjadala ukarudi Machakos. Mei 2022, Jaji George Odunga, akiwa katika Mahakama Kuu ya mji huo, aliamua kwamba vima vya chini vya adhabu katika Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 vinakiuka utu wa mshtakiwa pale vinapomwondolea jaji uhuru wa kupima. Hakusema adhabu hizo zisitolewe. Alisema zitolewe kwa anayestahili. Chini ya sheria hiyo, anayemnajisi mtoto wa kati ya miaka 12 na 15 hapati chini ya miaka 20 jela, awe mjomba wa miaka 50 au mvulana wa miaka 19 aliyekuwa mpenzi wa msichana huyo.

Lakini sheria hiyo haikuzuka bure. Njoki Ndung'u aliipeleka Bungeni kwa sababu mahakama zilikuwa na uhuru huo wote na wanajisi wakitoka na vifungo vya kuchekesha. Hekima ya hakimu, jamani, nayo huweza kulala usingizi. Atakayebishana bila kulikubali hilo anajidanganya.

Julai 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekipunguza hadi 15. Ilitofautisha adhabu ya lazima na adhabu ya kima cha chini: ya pili, ilisema, bado inamwachia jaji nafasi ya kupanda juu. Kupanda, ndiyo. Kushuka, la. Yule mvulana wa miaka 19 hahitaji jaji wa kupanda, na kwa sasa mlango pekee uliobaki wa kumpunguzia ni ule ule waliopitia wale sitini wa 1932: barua ya msamaha kwa mkuu wa nchi.