Kuchagua Kisiwa: Historia Fupi ya Mapumziko kutoka Ziwa Kisale hadi Changuu

Utangulizi

Swali la kisiwa kipi cha nchi za joto kinafaa kwa mapumziko huonekana kuwa swali la nauli na majira tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ni swali la historia pia. Visiwa kadhaa vinavyosifiwa leo kwa utulivu wake vilichaguliwa zamani kwa sababu nyingine kabisa: kumkimbia adui, kufungia wahalifu au kutengea wagonjwa. Tutalitazama jambo hili kutoka Lubudi, mji wa reli na saruji katika jimbo la Lualaba, ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Umbali huo una faida yake, kwani unatukumbusha kwamba habari za visiwa si mali ya pwani peke yake.

Kisiwa cha kukimbilia

Mto Lubudi humwaga maji yake katika Lualaba, nao Lualaba, ukiisha kupita Bukama, huingia katika bonde la Upemba lenye maziwa na mafunjo mengi. Katika Ziwa Kisale pana visiwa visivyo na mwamba wala mchanga. Ni mafunjo yaliyoshikamana, yanayoelea majini. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekaa katika nchi ya Waluba mwaka 1874 na 1875, aliandika habari za watu waliokata mapande ya mafunjo hayo, wakatandaza magogo na udongo juu yake, wakajenga vibanda, wakapanda migomba na kufuga mbuzi na kuku. Kisiwa kilifungwa kwenye nguzo, na haja ya kuhama ilipotokea kilifunguliwa kikasogezwa mahali pengine. Watu hao nao walikuwa wamechagua kisiwa, lakini walichokipima ni usalama na samaki, si uzuri wa mandhari. Hadi leo wapo wavuvi wanaoishi juu ya mafunjo ya Kisale.

Njia ya kwenda baharini

Ziwa hilo halikuwa limejitenga na ulimwengu. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Kisale, ambayo Jacques Nenquin aliyachimbua mwaka 1957 na wengine wakaendelea baada yake, yametoa vyungu na vitu vya shaba vya ustadi mkubwa. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Unguja ilifika Uluba na Katanga. Ilileta nguo, bunduki na lugha ya Kiswahili. Ilichukua pembe za ndovu na watu. Hatuna budi kukumbuka kwamba wengi miongoni mwa watu wa bara waliofika Unguja enzi hizo hawakuchagua kisiwa, walipelekwa.

Baadaye ikaja reli. Njia ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ile ya Kabalo ikafika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Na ile ya Katanga, inayopita Lubudi, ikafika Bukama mwaka 1918. Kati ya Bukama na Kabalo abiria walichukuliwa na meli za mtoni, katikati ya mafunjo yale yale ya Kisale. Basi kwa mujibu wa ramani, mtu wa Lubudi aliweza kufika Unguja. Lakini chini ya utawala wa Kibelgiji Mwafrika hakuweza kuondoka kwao kwa muda mrefu bila kibali cha serikali. Njia ilikuwapo, ruhusa ilikuwa ya wachache.

Changuu

Mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja kipo kisiwa kidogo cha Changuu. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar, aliamuru gereza lijengwe humo. Gereza lilijengwa, lakini halikupata kutumika kwa kazi hiyo. Badala yake kisiwa kilifanywa karantini ya wasafiri wa meli. Kwa kuwa karantini haikuhitajika mwaka mzima, miezi mingine Wazungu wa mjini walikwenda huko kupumzika. Mwaka 1919 waliletwa kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli, nao wamekuwa kivutio cha wageni. Hivyo mahali pale pale paliitwa gereza, pakatumika kama karantini, na pakawa pa starehe, kwa kufuata tu nani alikuwa na uwezo wa kuamua.

Mapumziko ya nani?

Uwezo huo wa kuamua ndio kiini cha hoja yetu. Mahali pakitengwa kwa ajili ya wageni au wanyama, mtu aliyepata riziki yake hapo hudaiwa kitu. Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, inagusa maziwa ya wavuvi, na mvutano baina ya uhifadhi na riziki haujaisha. Kisiwani Chumbe, Unguja, ambako matumbawe yalihifadhiwa kisheria mwaka 1994, uvuvi ulikatazwa, lakini waliokuwa wavuvi walifunzwa wakawa walinzi wa matumbawe hayo. Mifano hii miwili haifanani, na tofauti yake inafaa kupimwa na msafiri kabla ya kulipa nauli.

Hitimisho

Anayechagua kisiwa, basi, na aulize zaidi ya hali ya mchanga: kilikuwa cha nani, kilitumika kwa kazi gani, na wenyeji wake wanapata nini leo. Kwa upande wa Changuu na Chumbe, majibu yameandikwa. Kwa upande wa Kisale, mengi yamo vinywani mwa wavuvi, kwa Kiluba na kwa Kiswahili cha Katanga. Kazi ya kuyakusanya inawangoja wanafunzi wetu, nayo haihitaji kuvuka bahari.