KIDUDU KISICHO NA RANGI: NDOROBO NA BARIDI YA NJOMBE

Kuna mfugaji mmoja wa Makambako alinunua ng'ombe watatu kutoka mapori ya Chunya. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kukonda, homa inapanda na kushuka. Majirani wakamwambia, "Hiyo siyo ndorobo, huku kwetu ni baridi." Akaamini, akachelewa, ng'ombe mmoja akafa. Majirani walikuwa sahihi nusu tu, ndo maana naandika.

Kidudu chenyewe kinaitwa tripanosoma. Ni kiumbe cha seli moja, ukipanga hamsini kwenye foleni unapata kama milimita moja. Ana mkia mmoja kama mjeledi, ndo anaoogelea nao. Waliosoma baiolojia wanamkumbuka Euglena, yule wa kijani wa kwenye madimbwi. Hawa ni ndugu wa mbali. Euglena ana klorofili, anajipikia kwa mwanga wa jua. Tripanosoma hana rangi wala jiko, anakula sukari iliyomo kwenye damu ya mwenyeji wake.

Na ulaji wake ni wa ajabu. Vimeng'enya 7 vya kwanza vya kuvunja sukari amevifungia kwenye vifuko vidogo vinavyoitwa glaikosomu, vilivyogunduliwa na Opperdoes na Borst mwaka 1977. Kwetu sisi kazi hiyo inafanyika wazi ndani ya ute wa seli, halafu mitokondria inamalizia. Yeye akiwa kwenye damu mitokondria yake karibu imelala. Glukosi moja inampa ATP 2 tu, sisi tunapata kama 30, na mabaki anayatupa humo humo kwenye damu. Mfujaji kweli, lakini sukari ya bure ina uchungu gani? Akinyonywa na mbung'o mambo yanageuka: mitokondria inaamka, anaanza kuchoma prolini, ile ile ambayo mbung'o anaitumia kurukia.

Mwili haumuui kwa sababu ya koti. Amevaa protini ya aina moja, molekuli kama milioni 10 zimebanana. Kingamwili zikishalijua koti hilo zinaua wengi, ila wachache wameshabadilisha. DNA yake iliposomwa mwaka 2005 zilikutwa jeni za makoti zaidi ya mia nane, nyingi zikiwa mbovu ambazo anaweza kuunga vipande vyake upya. Kila koti jipya, homa mpya. Ndo maana chanjo hakuna.

Sasa baridi. Mbung'o anazaa buu mmoja mmoja, buu anajichimbia ardhini na kuishi kwa mafuta aliyopewa na mama yake. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi anakua polepole mno, mafuta yanaisha kabla hajatoka. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai mnajua wenyewe. Kwa hiyo baridi inamzuia mbung'o, haimzuii tripanosoma aliyeshaingia. Ndani ya ng'ombe kuna joto la nyuzi 38 na ushee hata kama nje kuna barafu. Tena aina moja, vivaksi, inaweza kuhamishwa na inzi wengine wanaong'ata.

Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Damu yetu ina protini inayoitwa apolipoprotini L1, inawaua tripanosoma wengi wa ng'ombe. Aina ya rodesiense, ndiyo ya malale ya Tanzania, ina protini ya kuizima. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotoka Serengeti na Tarangire waliugua wakiwa wamesharudi kwao kwenye baridi. Ukitoka kazini porini Ruaha, homa ikakushika Makambako na kipimo cha malaria kikasema huna, mwambie daktari ulikokuwa. Zamani malale ikishafika kwenye ubongo dawa ilikuwa melasoproli yenye aseniki, iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, vidonge vya siku 10, hata kwa rodesiense.

Wale ng'ombe wawili walipimwa damu kwa hadubini, wakapigwa sindano ya diminazini. Mmoja anakamuliwa mpaka leo.