Kupaka rangi nyumba ya bibi

Jamani nimepotea, najua. Mitihani iliisha Ijumaa, Jumamosi asubuhi baba mdogo akapiga simu: "We si uko likizo? Nenda Kariakoo kawasimamie mafundi kwa bibi yako." Basi mwanahistoria mzima wa mwaka wa pili nikawa msimamizi wa ndoo za rangi kwa siku kumi na moja. Msinicheke. Kuna vitu nimevisoma kwenye ule ukuta ambavyo semina nzima ya muhula uliopita haikunipa.

Kwa wasiozijua hizi nyumba (watoto wa Mbezi mnisamehe): nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, mlango katikati, korido moja iliyonyooka mpaka uani, na vyumba vitatu kila upande. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya utafiti wa Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957, kitabu kikatoka 1963, aliikuta nyumba ya vyumba sita ndo nyumba yenyewe ya mji huu. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vilivyobaki anapangisha. Ya kwetu aliijenga mama yake bibi kwa hela ya vitumbua. Na hilo halikuwa ajabu, Kariakoo wanawake wenye nyumba zao walikuwepo tangu zamani.

Kuta zake ni miti, fito na udongo, juu yake lipu. Nilidhani ni umaskini tu. Kumbe mji wenyewe ulishapangwa hivyo. Wajerumani waliugawa kwa kanuni za ujenzi: upande wa bahari majumba ya Kizungu, katikati maduka ya Wahindi, na Waafrika wasukumwe magharibi ambako kujenga kwa miti na udongo kuliruhusiwa. Waingereza wakauteka mji Septemba 1916, wapagazi wao wa Carrier Corps wakapiga kambi huku, na ulimi wa watu ukaigeuza Carrier Corps ikawa Kariakoo. Baadaye mitaa ikanyooshwa, Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, watu wasichanganyikane. Kwa hiyo hata udongo wa ukuta wa bibi una siasa ndani yake.

Siku ya pili fundi alianza kukwangua chumba cha tatu kushoto. Nikamwambia fundi, taratibu, niachie kipande nihesabu. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa, lakini akaniachia. Zikatoka rangi saba. Ya juu ni ya maziwa, tuliipaka 2011 msiba wa babu ulipokaribia arobaini. Chini yake waridi, chini yake njano mbili zinazofanana. Halafu, kutoka sakafuni mpaka kiunoni, kijani ya mafuta, ile kijani mliyoiona kwenye kila zahanati ya serikali mkiwa wadogo.

Nikamuuliza bibi hii kijani imetoka wapi. Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mume wangu, hiyo siyo rangi. Hiyo ni woga."

Iko hivi. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Sabuni shida, mchele shida, nguo shida, na vichache vilivyokuwepo vilipita kwenye maduka ya ushirika na ya RTC, kwa foleni. Rangi ya nyumba nani angeikumbuka? Mpangaji mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwenye shirika fulani la umma alimlipa bibi kodi ya miezi miwili kwa makopo manne ya rangi. Bibi hakuuliza sana. Ikaja 1983, Waziri Mkuu Sokoine akatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Misako, watu wakawekwa ndani, wengine wakawa wanatupa bidhaa usiku ili zisikutwe majumbani mwao. Bibi ana makopo manne uvunguni na hana risiti hata moja! Angesema kayapata wapi?

Wakati wengine wanatupa, yeye akaona atupe ya nini. Usiku mmoja, kwa kandili, yeye na shoga yake wa chumba cha pili wakaipaka yote. Brashi hawakuwa nayo, walitumia matambara. Rangi ilipoishia ndipo mpaka ulipoishia, ndo maana ile mistari ya kiunoni imepinda kila chumba. Makopo matupu wakayatoboa wakapandia mirihani uani. Mimi miaka yote nilidhani ule mpaka wa kiunoni ni mtindo.

Hapo nikakumbuka mhadhara wa uchumi wa miaka ya themanini, takwimu nyingi na majedwali, na mimi nasinzia nyuma. Kumbe jedwali lenyewe lilikuwa nyumbani kwetu, nimeliegemea tangu utoto.

(Na upande wa pili wa Mnazi Mmoja, Uhindini, rangi ina habari nyingine. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba mpaka alipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwenye jengo akageuka mpangaji, au akaondoka nchini. Nani atanunua rangi ya ukuta ambao si wake? Nyumba ya bibi haikufika hata karibu na thamani hiyo. Udongo uliwaokoa.)

Chini ya kijani ni chokaa. Siyo koti moja, ni makoti juu ya makoti, unene kama sarafu, meupe na mengine ya samawati hafifu kwa sababu walichanganya nili ya kufulia. Bibi anakumbuka bwana afya akipita na daftari nyumba kwa nyumba, anachungulia mitungi ya maji kama ina viluwiluwi vya mbu na kuta kama ni chafu. Ukisikia yuko mtaa wa pili unakoroga chokaa. Chokaa ya pwani ilichomwa kwa matumbawe juu ya rundo la kuni, ikamwagiwa maji, ikaachwa ilale. Ukiipaka inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe jembamba. Halafu inapumua: unyevu wa udongo unapita unatoka zake.

Hapo ndo ugomvi ulipoanza. Fundi anataka puti na rangi ya kisasa inayofutika. Bibi anataka chokaa na chumvi kidogo. Fundi akasema bibi huo ni ushamba. Bibi hakujibu, alimshika mkono akampeleka chumba cha kwanza kilichopakwa ya kisasa kabla ya masika iliyopita. Ukuta umevimba malengelenge, ukibonyeza unasikia maji, udongo nyuma umekuwa uji. Fundi akanyamaza. Vyumba vinne vimepakwa chokaa.

Sasa niseme ukweli ambao baba mdogo hataupenda. Rangi hii haikununuliwa kwa ajili ya bibi. Kuna mtu wa ubia anakuja kuangalia: yeye anajenga ghorofa, familia inapewa fleti mbili na fremu moja ya duka. Mtaa wetu zimebaki nyumba tatu za chini, zote zimezungukwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, na Kariakoo yote ni mtoto kwa 1863. Baba mdogo naye hakosei, fleti mbili si mchezo na choo cha uani kimechoka. Ila bibi tangu Novemba 2024, lile ghorofa la Mchikichi na Kongo lilipoporomoka likaua watu zaidi ya ishirini, ukitaja ghorofa anaanza kuvuta uradi.

Jambo la mwisho. Kwenye chumba cha tatu, chini ya chokaa ya katikati, fundi alifikia maandishi ya penseli: majina ya miezi kwa mstari, kila mmoja na alama ya vyema, kasoro miwili. Mwaka haukuandikwa. Bibi anasema mama yake alimpangisha humo kuli wa bandarini, na kwamba miezi ya mgomo hakumdai. Makuli wa Dar waligoma 1947, na wakagoma tena 1950. Penseli bila mwaka si ushahidi, mwalimu wangu angeinyima maksi. Nimeipiga picha mara kumi hata hivyo.

Fundi akauliza, hapa tupake? Bibi akasema sogezeni kabati. Likasogezwa, likafunika. Mtu wa ubia alikuja Jumatano, akazunguka vyumba vyote, akasifia weupe, akapiga picha za baraza. Kabati hakuligusa. Jibu litatoka kwenye kikao cha familia baada ya Idi, na bibi ameshaniambia nivae kanzu, nikae karibu yake.