Kipindupindu cha mimea

Wadau, leo naomba tuzungumzie kuoza kwa mizizi. Najua wengi mlizoea siasa hapa, lakini siku hizi kila nikikaa na vijana wenzangu waliosoma, lazima mmoja atoe simu aonyeshe picha za letusi zilizopandwa kwenye mabomba ya plastiki, bila udongo. Haidroponiki. Mtaji umetoka kwenye mkopo, mahesabu yamepigwa vizuri, na kwenye hayo mahesabu hakuna mstari hata mmoja wa ugonjwa. Eti udongo ndio wenye magonjwa, na udongo umeshaondolewa!

Mimi nasema hivi: ukichukua mimea 500 ukainywesha kutoka tangi moja, maji yakazunguka kwa pampu usiku na mchana, hapo umejenga mji. Na miji yenye maji ya pamoja ina historia yake, ambayo sisi wa Dar hatuhitaji kufundishwa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 2015 tunaukumbuka vizuri.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alichapisha majaribio yake ya kukuza mnanaa ndani ya maji matupu. Alitumia maji ya mvua, ya chemchemi, ya mto Thames, na mengine aliyoyachanganya na udongo wa bustani. Akaona kwamba kadiri maji yalivyokuwa machafu, ndivyo mnanaa ulivyostawi. Akahitimisha kwamba mmea unakula udongo, si maji. Alikosea, kwani kilichoulisha ni chumvichumvi zilizoyeyuka, na Wajerumani Sachs na Knop walikuja kulionyesha hilo miaka ya 1860 kwa kuchanganya chumvi hizo wenyewe kwenye vyombo vya maabara.

Katika miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wanamwangalia na adui. Mwaka 1858 Nathanael Pringsheim alikipa jina kiumbe kimoja kidogo cha majini: Pythium. Jina linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuoza. Zamani kilihesabiwa kuwa kuvu, lakini sivyo. Ni jamii nyingine kabisa, iliyo karibu zaidi na mwani kuliko uyoga, na ndugu yake wa karibu ndiye aliyeteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Hii si habari ya darasani tu. Dawa nyingi za kuvu hazikigusi, kwa sababu ukuta wake umejengwa kwa vitu vingine. Mkulima ananunua chupa, anapulizia, mizizi inaendelea kuoza, anarudi dukani kununua chupa nyingine.

Tena kinaogelea! Kinatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, kila kimoja na mikia miwili, vinavyofuata harufu ya mzizi majini mpaka viufikie. (Kimelea cha kipindupindu nacho kina mkia, ila kimoja tu.) Shambani safari hiyo ni ngumu, maana lazima kijipenyeze kwenye unyevu kati ya chembe za udongo. Kwenye bomba lenye maji yanayotembea, kazi yote kinafanyiwa na pampu.

Dalili yake ya kwanza inachekesha kama si pesa yako. Saa sita mchana mmea unanyauka, jioni unaamka, kesho yake hivyohivyo. Unakufa kiu huku umesimama ndani ya maji. Ukiuinua, mizizi iliyotakiwa kuwa myeupe imekuwa kahawia na yenye utelezi, na ukiivuta kwa vidole ganda la nje linavuka, unabaki na uzi mwembamba.

Biashara yenyewe ilianza kwa kishindo Marekani miaka ya 1930. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuza nyanya kwenye matangi zikapanda mita saba na zaidi, na mwaka 1937 akalitangaza neno haidroponiki. Magazeti yakapagawa (sisi waandishi ndivyo tulivyo). Wenzake wawili wa chuo hichohicho, Hoagland na Arnon, wakapima kwa utulivu, na mwaka 1938 wakaandika kwamba mazao ya majini hayazidi yale ya udongo mzuri. Wakasisitiza pia suala la hewa: mizizi inapumua, kwa hiyo maji yapulizwe hewa. Ushauri huo bado ndio kinga ya kwanza. Maji ya nyuzijoto 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 yanabaki na kama 7 na nusu. Mzizi uliokosa hewa unadhoofika, na aina mojawapo ya huyu adui, Pythium aphanidermatum, inapenda joto hilohilo. Sasa hebu fikiria tangi jeusi juani, Kigamboni, mwezi wa pili.

Hatari iliongezeka pale maji yalipoanza kuzungushwa. Miaka ya 1960 na 1970 Allen Cooper, huko Littlehampton, Uingereza, alibuni mtindo wa kupitisha maji membamba kama utando chini ya mizizi na kuyarudisha tangini. Ndio mtindo wa mabomba wanaouiga vijana wetu. Mwaka 1984 watafiti wa Arizona waliandika jinsi spinachi za namna hiyo zilivyooza mizizi: maji yakiwa na joto aina moja ya Pythium inashika, yakipoa nyingine inapokea zamu.

Sasa tiba ilipatikana wapi? Hapa ndipo historia inaponifurahisha. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, Ujerumani. Mji huo ulikuwa unakunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na ujenzi wa chujio ulikuwa umecheleweshwa miaka na miaka kwa sababu ya gharama. Jirani yake Altona ulichota mto huohuo, tena chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa. Lakini Altona walipitisha maji yao polepole kwenye mchanga, na waliugua wachache mno. Mpaka wa miji hiyo ulikuwa mtaa tu, na ugonjwa ulifuata bomba, upande huu wanazikana, upande ule wanakula chakula cha jioni. Robert Koch alilieleza jambo hilo, na mwaka 1893 Hamburg nao wakawa na chujio.

Miaka mia moja baadaye wakulima wa vitalu vya Ulaya walibanwa wasimwage maji ya mbolea ovyo, wakalazimika kuyarudisha. Uholanzi walichemsha mpaka nyuzi 95 kwa sekunde 30, wengine wakatumia mwanga wa urujuanimno. Walter Wohanka wa Geisenheim, Ujerumani, yeye alirudi kwenye mchanga wa Altona. Ulifaa sana dhidi ya Pythium, ingawa kwa virusi na minyoo ya mizizi haukutosha.

Kwa aliyekwishaingiliwa sasa hivi, mmea uliolegea mpaka shina ung'oe, usiuonee huruma. Mwaga maji yote, osha matangi na mabomba kwa klorini, suuza, kisha anza upya na maji yaliyofunikwa yasione jua na yanayopulizwa hewa. Mchanga unakuja baada ya hapo. Maji yashuke sentimita 10 hadi 30 tu kwa saa, na usitegemee kitu wiki za mwanzo, kwa sababu kinachofanya kazi kubwa ni utando wa viumbe hai unaoota juu ya mchanga. Klorini usiipitishe humo. Utawaua walinzi wako.