Sababu za Kushuka Aya
Sababu za kushuka (kwa Kiarabu *asbab an-nuzul*) ni tawi la elimu ya Qurani linalochunguza tukio au swali lililotangulia kuteremshwa kwa aya. Kwa mfano, aya ya Al-Baqara 158 yasema anayehiji hana dhambi akizunguka vilima vya Safa na Marwa. Urwa bin Zubeir alidhani basi sai, yaani mwendo huo kati ya vilima hivyo, si lazima. Bibi Aisha, mke wa Mtume na mama yake mdogo, alimsahihisha: Ansari (Waislamu wenyeji wa Madina), waliokuwa wakihirimia kwa ajili ya sanamu Manata kabla ya Uislamu, waliona vibaya kuzunguka vilima hivyo, aya ikawaondolea wasiwasi. Al-Wahidi wa Nishapur (alifariki 1076) alikusanya mapokezi ya aina hiyo kitabuni, na baadaye Suyuti. Aya nyingi hazina sababu iliyopokewa, na mapokezi mengine hugongana waziwazi.