Neno "spamu" lilitoka wapi? Kutoka nyama ya mkebe mpaka tombola ya Marekani

Katika makundi ya WhatsApp ya familia zilizokimbia vita huko Kivu, ujumbe mmoja unaweza kuingia mara kumi kwa siku: jaza jina, lipa dola kidogo, utaenda kuishi Marekani. Vijana wanauita spamu. Neno hilo lina historia yake, na ujumbe wa namna hiyohiyo ndio uliolitangaza duniani.

Mwanzo wake ni chakula. Mwaka 1937 kampuni ya Hormel ya Marekani ilianza kuuza nyama ya nguruwe ndani ya mkebe kwa jina la Spam. Wakati wa vita ya pili ya dunia, askari na raia wa Uingereza waliila mpaka wakaichoka. Mwaka 1970 wachekeshaji Monty Python walionyesha kwenye televisheni ya BBC mkahawa ambamo karibu kila sahani ina nyama hiyo, na wateja fulani wanaimba jina lake kwa sauti kubwa hata watu wengine wanashindwa kuzungumza. Ni mchezo wa kuchekesha tu, lakini mwenye kuishi katika kelele za namna hiyo anauelewa haraka.

Mwaka 1979, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, njia ya watu wa kompyuta kuzungumza kwa maandishi, kila habari na kundi lake. Hapo desturi zikazaliwa, na misemo yake. Anayesoma kimya bila kuandika alipewa jina la mvizia, na hilo halikuwa tusi: mgeni alishauriwa avizie kwanza, ajue wenyeji wanaongeaje. Kutukanana kuliitwa kuwasha moto. Kila mwezi wa tisa wanafunzi wapya wa vyuo waliingia na kuvuruga mambo, wazee wa kundi wakawafundisha, kisha utulivu ukarudi. Lakini kuanzia 1993 na 1994 makampuni ya biashara yalifungulia watu wengi mlango, kati yao AOL, na wageni wakawazidi walimu. Wazee wakauita wakati huo Septemba isiyoisha.

Mwezi wa tatu 1993, Richard Depew alikuwa akijaribu programu ya kufuta ujumbe mbaya. Programu ikakosea: ikamwaga ujumbe wapata 200 ndani ya kundi moja. Watu wakakumbuka ule wimbo wa mkahawani, wakasema hii ni spamu. Depew akaomba msamaha, mambo yakaisha. Desturi ilikuwa bado na nguvu, maana mkosaji aliona haya.

Tarehe 12 mwezi wa nne 1994, walikuja wasioona haya. Laurence Canter na Martha Siegel, mume na mke, wote mawakili huko Arizona, walituma tangazo lilelile katika makundi zaidi ya 5.000: waliuza huduma ya kuwajazia watu tombola ya green card. Wakati ule kushiriki hakukulipiwa chochote; ilitosha barua ya kawaida yenye jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa na habari nyingine chache, itumwe kwa posta. Wageni wasiojua hilo ndio waliolengwa.

Hasira ilikuwa kubwa. Barua za malalamiko zilikuwa nyingi hata kompyuta za kampuni iliyowapa mawakili hao intaneti zikaanguka mara kwa mara, na kampuni ikawafungia. Huko Norway kijana mmoja akatengeneza programu ya kufuta matangazo yao. Wao hawakujuta: walisema wamepata wateja, wakaandika hata kitabu cha kufundisha wengine njia hiyo. Mwaka 1997 Canter alifutwa katika orodha ya mawakili wa jimbo la Tennessee, na tangazo lile lilikuwa kati ya sababu.

Kutoka hapo spamu ikawa neno la kila mtu. Leo sanduku la barua pepe lina chumba chenye jina hilo, na mashine inazitupa humo yenyewe. Katika kundi la WhatsApp hakuna chumba cha namna hiyo. Kazi ya kutupa inabaki kwa mwenye telefone, kwa mega alizonunua mwenyewe.